Nina laki nne, nataka baskeli ya resi ya kwanza. Hapa Unguja nianzie wapi?

Mleta mada

Assalaamu alaykum ndugu zangu. Mie ni mwanafunzi wa chuo kikuu cha SUZA, nakaa Magomeni na masomo yangu yako Tunguu. Kila siku kwenda na kurudi ni daladala, na siku kipindi cha mwisho kikimalizika karibu na magharibi, gari huwa tabu. Nyumbani ipo baskeli ya Phoenix ya marehemu babu. Naipenda sana, lakini nzito kama mlango wa Mji Mkongwe, na nikifika Jumbi mapaja yashawaka moto.

Septemba 2025 mashindano ya dunia ya baskeli yalipofanyika Kigali, mara ya kwanza kufanyika Afrika, niliyafuatilia kwenye simu tangu siku ya kwanza mpaka ya mwisho. Hapo ndipo hamu ilipoingia. Nataka baskeli ya resi, ile ya usukani wa pembe za kondoo. Si ya mashindano. Ni ya kwendea chuo, na siku za mapumziko nifike hata Paje nirudi.

Nimedunduliza laki nne. Ninunue mpya au mtumba? Chuma au alumini? Na nikifika kwa muuzaji nikague nini, maana najua kuziba pancha tu, zaidi ya hapo sijui kitu. Naomba wanijibu walionunua kweli kwa pesa zao.

Mwenzenu wa Bububu

Wa alaykum salaam kaka. Usijisumbue na mikweche. Ongeza kidogo ununue mpya ya Kichina, zipo za breki za diski mbele na nyuma, rangi zinameremeta, gia 21. Mtumba hujui aliyeitumia aliigonga wapi.

Fundi wa Ng'ambo

Wa alaykum salaam mwanangu, na karibu kwenye baskeli. Nimeshika spana zaidi ya miaka thelathini, basi nivumilie nikuandikie kwa urefu, kwa sababu jambo hili huniuma. Vijana wanakuja kibandani na baskeli nzuri, pesa zimeshatoka, na mie ndiye wa kuwapa habari mbaya.

Habari mbaya yenyewe nane katika kumi ni ya tairi. Basi tazama ringi kabla ya rangi. Ukifika kwa muuzaji usiulize bei, usiulize gia. Piga goti, usome maandishi ubavuni mwa tairi. Utaona namba mbili zenye kistari katikati, mfano 28-622. Ya kwanza ni upana wa tairi kwa milimita, ya pili ni kipenyo cha ringi pale tairi linapokaa. Hiyo ya pili ndiyo itakayokuchekesha au kukuliza.

622 ndiyo ringi ya resi za leo, mafundi tunaiita 700. Tairi zake zinapatikana. 630 ndiyo inchi 27, resi za zamani, hasa za Kijapani za miaka ya 70 na 80. Tofauti ni milimita 8 tu na kwa macho huwezi kuiona, lakini tairi la 622 haliingii kwenye ringi ya 630 hata uite wanaume watatu. Ukililazimisha litapasuka au litakukata vidole. Na hii Phoenix ya babu yako ni 635, inchi 28, nayo haichangii tairi na hizo mbili. Tyubu hazina shida, mpira unavutika, ya 27 na ya 700 ni moja. Tairi ndilo kesi.

Muuzaji wa mtumba hatokwambia haya, na mara nyingi si kwa hila, hata yeye hajui. Kontena limefunguliwa, baskeli ni baskeli. Tairi la 27 limekaa miaka kwenye banda Japani, likifika hapa na jua letu linaanza kuchanika ubavuni. Ndani ya miezi miwili unatafuta jengine, Darajani hakuna, Kwerekwe hakuna, unamuomba mtu wa Dar akutafutie. Baskeli inaning'inia ukutani.

Sasa kuhusu mpya aliyoisema mwenzetu wa Bububu. Mpya si mbaya kwa kuwa ni mpya. Lakini kwa bei hiyo, pesa imekwenda kwenye rangi na diski. Nikizifungua nakuta gololi kavu bila ya grisi, spoku zimelegea, na gia za nyuma ni friwili ya kuskurubu, yenye gia nyingi juu ya ekseli nyembamba. Friwili ya namna hiyo inaiacha ekseli upande wa gia ikiwa ndefu na haina gololi karibu ya kuishikilia, basi matuta yetu yanaipinda. Na uzito wake unakaribia ule wa Phoenix uliyoikimbia. Kwa laki nne mie ningechukua mtumba wa chuma wa Kijapani, wenye gia sita au saba, na vishikio vya gia vilivyo kwenye bomba la chini la fremu.

Vishikio hivyo vijana hawavitaki, wanataka gia zilizo ndani ya vishikio vya breki. Shimano walianza kuzitoa mwaka 1990, na ni kazi nzuri kweli. Lakini za zamani grisi yake hukauka ikawa gundi. Unasukuma kidole, inalia tik, gia haiendi. Nikikufungulia kitu kile, ndani ni kama saa ya mkono. Cha bomba la chini ni kijiti, waya na skurubu. Kikigoma nakitengeneza huku unakunywa kahawa.

Chuma au alumini? Chuma, kwa sababu welda wa mtaani anaweza kuishika ikipata ufa. Alumini inataka mtu wake na mashine yake. Kaboni ya mtumba usiisogelee, ufa wake uko ndani na huuoni mpaka siku imekukatikia.

Ila chuma ina adui hapa kisiwani nae ni chumvi. Kuna ugonjwa mmoja lazima uupime kabla hujatoa hata shilingi: nguzo ya siti. Fremu ni chuma, nguzo ni alumini, hewa ya bahari inaingia baina yake, vinashikana vikawa kitu kimoja. Mwambie muuzaji alegeze skurubu ya siti, kisha uizungushe siti kwa mikono miwili. Ikikataa kugeuka, jua kwamba baskeli ile ina urefu mmoja maisha yake yote, labda uende kwa mtu wa msumeno.

Ufa na pigo la mbele: pitisha kidole chini ya bomba la juu na la chini, pale zinapokutana na shingo ya usukani. Rangi ikiwa na mikunjo midogo kama ngozi ya maziwa, baskeli ile iligonga kitu kwa mbele. Iache, hata kwa elfu hamsini.

Cheni: nenda na rula ya fundi cherehani, yenye inchi. Weka sifuri katikati ya pini moja. Cheni mpya, inchi 12 inaangukia katikati ya pini kamili. Ikizidi kwa moja ya kumi na sita, badilisha cheni. Ikizidi kwa moja ya nane, meno ya nyuma nayo yameshaliwa, na hapo ukate bei.

Mwisho jipime mwenyewe. Simama peku, mgongo ukutani, chukua kitabu chenye jalada gumu, kibane baina ya mapaja mpaka juu kabisa kama uliyekaa kwenye siti. Pima kutoka ukingo wa juu wa kitabu mpaka sakafuni. Zidisha kwa 0.67, utapata saizi ya fremu. Zidisha kwa 0.883, utapata urefu wa siti, kuanzia katikati ya ekseli ya kati, ile inayozungushwa na mikono ya pedali, mpaka juu ya siti. Mwenye mguu wa sentimita 80, fremu ni 53 na nukta, siti ni 70 na nukta. Niandikie wako.

Mpemba wa Wete

Ami umemaliza maneno. Mie naongeza moja kwa wa huku kwetu: gia. Unguja ni sahani, Pemba ni kisahani juu ya kikombe. Kilima kinakwisha, unapumua mara mbili, kingine hicho.

Resi nyingi za zamani mbele zina meno 52 na 42, na nyuma gia kubwa ni 23. Ringi ya 700 inazunguka kama mita 2.1. Basi kwa 42 mbele na 23 nyuma, kila mzunguko wa pedali unakusukuma karibu mita 3.8. Kwenye mlima hiyo ni kazi ya farasi. Ukiwa na 34 mbele na 28 nyuma ni mita 2 na nusu na kidogo, unapanda umekaa. Nilinunua ya kwanza bila ya kuhesabu meno. Nikawa naisukuma kwa miguu kila nikitoka Chake kurudi Wete, watoto wa skuli wananipita na baskeli zao za kikapu. Meno yanahesabika kwa kidole, hayataki ujuzi.

Dada wa Fuoni

Assalaamu alaykum. Naona mnamjibu kijana kuhusu baskeli tu, hakuna aliyemwambia kuhusu pesa. Kaka, laki nne si bei ya baskeli. Laki nne ni baskeli, tairi, kufuli, taa na pampu. Mie nilitoa zote kwa muuzaji, nikakaa wiki tatu natazama baskeli yangu kwa sababu sina ya kununulia kufuli, na kwetu ukiiacha mlangoni bila ya kufuli umeigawa. Tenga theluthi ya pesa zako, usiende nayo kwa muuzaji. Iache nyumbani kwa mama.

Taa ya nyuma nyekundu ni lazima, usingoje. Njia ya Fuoni giza likiingia, gari za shamba zinakimbia na kando ya lami kuna mchanga. Na valvu nyembamba za resi hazishiki pampu ya fundi wa kawaida. Kuna kifuniko kidogo cha shaba unakiskurubu juu yake, kinaifanya kuwa kama ya gari. Bei yake ni ya chipsi. Nunua viwili, kimoja kitapotea.

Na kwa dada zangu mnaosoma kimya kimya: inawezekana. Navaa suruali pana, juu yake baibui fupi inayoishia magotini, na mtandio mwembamba wa pamba chini ya helmeti, ule wa kuteleza unaivuta helmeti nyuma. Shida yangu kubwa haikuwa nguo, ilikuwa vidole. Vishikio vya breki vilikuwa mbali, nikishuka kilima nilikuwa navigusa kwa ncha tu. Fundi alinibadilishia kile chuma kinachoushika usukani akaweka kifupi, akavisogeza vishikio juu. Kama mna mikono midogo, jaribuni breki kabla ya kitu chochote, na mjaribu mkiwa mmekaa juu ya siti.

Mleta mada

Wadau Mwenyezi Mungu awalipe. Nimejipima na kaka yangu, tumetumia msahafu wa… hapana, tumetumia kamusi. Mguu wa ndani 81. Fremu 54, siti 71 na nusu. Laki na thelathini nimempa mama aishike. Jumamosi nakwenda kutazama, kuna mahali wameshusha kontena.

Fundi wa Ng'ambo

Vizuri. Nenda asubuhi, jua la mchana linaficha nyufa na linakufanya utake kumaliza haraka. Chukua rula, kitambaa na spana namba 10. Usiende na mtu anayekwambia "chukua tu".

Mleta mada

Nimerudi. Naandika kwa urefu ili na mwengine apate faida.

Zilikuwepo resi tano, zimelaliana nyuma ya friji. Tatu nimeziacha hapo hapo: moja rangi imekunja shingoni kama alivyosema ami, moja haina gurudumu la mbele, moja kubwa mno, nikisimama bomba linanigusa pabaya.

Zikabaki mbili. Ya kwanza ni Bridgestone ya buluu, na wallahi moyo wangu ulikwenda. Rangi haina mkwaruzo. Kwenye bomba la siti bado ina ile stika ndogo ya usajili wa polisi wa Japani, yenye namba na maandishi yao. Muuzaji akasema laki mbili na themanini. Nikapiga goti. Tairi: 32-630. Nikafuta vumbi nikasoma tena, 630. Mpira ubavuni umepasuka vistari vistari kama udongo wa kiangazi. Nikalegeza siti, nikazungusha, wapi. Tukazungusha wawili, wapi. Nikapima, imekwama sentimita 69, na fremu ni 52. Kila kitu ulichonitahadharisha ami kilikuwa kwenye baskeli ile moja, na nzuri kuliko zote.

Ya pili ni Miyata, rangi ya majivu, imechubuka, siti imechanika, mtu anaweza kuipita mara kumi. Tairi 28-622. Fremu 54. Nguzo ya siti imegeuka kwa mkono mmoja, na nilipoitoa ilikuwa na grisi ya zamani, nyeusi, bado laini. Alietumia baskeli ile huko Japani alikuwa anaijali. Nilisimama na ile nguzo mkononi nikajikuta namuombea dua mtu nisiyemjua. Cheni imezidi moja ya kumi na sita. Gurudumu la mbele linayumba kidogo, spoku mbili zimelegea. Gia sita nyuma, vishikio kwenye bomba la chini. Nimehesabu meno, 52 na 42 mbele, 26 nyuma.

Alitaka laki tatu na ishirini. Nikamuonesha cheni kwenye rula, nikamuonesha siti, nikamuonesha gurudumu. Alinitazama akaniuliza, "Wewe ni fundi?" Tumemaliza laki mbili na sabini.

Hesabu kamili: baskeli 270,000. Tairi mbili mpya 50,000, kwa sababu zilizokuwepo zilikuwa ngumu ingawa saizi ni sawa. Cheni 15,000. Waya na mipira ya breki 12,000. Fundi 20,000. Kufuli 15,000, taa 10,000. Jumla 392,000. Elfu nane iliyobaki imeingia kwenye kile kifuniko cha valvu na viraka. Siti nimeishona kwa mshipi wa kuvulia.

Mwenzenu wa Bububu

Hongera kaka, na nimejifunza. Ile yangu mpya ekseli ya nyuma imepinda mwezi wa nne, nilidhani ni bahati mbaya yangu. Ami, inatengenezeka?

Fundi wa Ng'ambo

Inabadilishwa, mwanangu, haikunjuliwi. Ilete, na ije na gurudumu lake. Nitakutilia ya chuma kigumu na grisi mpya, na ukipita kwenye tuta inuka kwenye siti.

Wewe mwenye Miyata, hongera sana, umenifurahisha. Mambo mawili. Ile nguzo ya siti ipake grisi mpya kabla ya kuirudisha, na kila baada ya miezi mitatu itoe, ifute, ipake tena. Na usitie oili chafu ya gari kwenye cheni kama wanavyofanya wengi. Inabeba mchanga, na mchanga unatafuna chuma kama tupa. Futa cheni kwa kitambaa kikavu, tia tone moja la oili ya cherehani kwa kila pini, zungusha, kisha futa tena mpaka kitambaa kitoke kisafi. Mafuta yafanye kazi ndani, nje hayahitajiki.

Mleta mada

Wiki ya tatu sasa. Tunguu nafika kabla ya daladala iliyotoka Kwerekwe pamoja na mimi, kwa sababu yenyewe inasimama na mie sisimami. Jambo ambalo sikulijua ni upepo. Kwenye Phoenix nilikuwa pole pole mno hata nisiusikie. Huu ni wakati wa kusi, asubuhi mapema umelala, naondoka baada ya sala ya alfajiri na njia ni yangu. Nikichelewa mpaka saa tatu, kuanzia Jumbi unanipiga usoni, nashika pembe za chini za usukani, nainama, na hapo ndipo nilipoelewa kwa nini zimepindwa vile. Jioni unanisukuma mgongoni mpaka mjini.

Mpemba wa Wete

Kaskazi ikiingia Disemba ujaribu kwenda Nungwi. Karibu kilomita 60 za kukwenda nayo uso kwa uso. Kurudi utadhani umefunga tanga.

Ndugu yangu, nina swali. Ile Bridgestone ya buluu bado ipo? Mie nina tairi mbili mpya za inchi 27, shemeji yangu aliniletea kutoka Oman mwaka juzi na baskeli niliyokuwa nayo nikaiuza. Zimo ndani ya mfuko wao mpaka leo.

Mleta mada

Nimepita leo makusudi, ipo. Ameshusha mpaka laki mbili na nusu. Lakini kumbuka siti imekwama kwenye 69, haipandi wala haishuki. Mguu wako wa ndani ni kiasi gani?

Mpemba wa Wete

78.

Fundi wa Ng'ambo

78 mara 0.883 ni 68 na nukta 9. Subhanallah. Na fremu yako ni 52. Kijana, mwambie asiiuze. Wewe wa Wete, nyuma nitakuwekea friwili ya meno 28, nyuzi zake za kuskurubu ni hizo hizo. Nguzo ya siti usiiguse.

Mleta mada

Nishampigia. Ameiweka kando mpaka kesho adhuhuri.